Mazoezi baada ya moyo kusimama: mapigo ya kasi si adui

Mtu ambaye moyo wake ulisimama ghafla, akaokolewa kwa kukandamizwa kifua na kushtuliwa kwa umeme, hutoka hospitalini akiwa na dawa, tarehe ya kliniki, na swali moja ambalo wengi huona haya kulitamka mbele ya daktari: nikipanda ngazi kwa haraka, hautasimama tena? Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kukaa kitini miezi sita kusubiri woga uishe wenyewe.

Jibu huanzia kwenye chanzo. Watu huchanganya shambulio la moyo, ambapo mshipa unaolisha msuli wa moyo huziba, na moyo kusimama, ambapo mara nyingi umeme wa moyo huvurugika hadi msuli ukatetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. La kwanza laweza kuleta la pili, lakini moyo husimama pia kwa sababu ya kovu la zamani, msuli uliotanuka au kunenepa kwa kurithi, au hitilafu za umeme ambazo mtu huzaliwa nazo. Aliyezibuliwa mshipa kwa kawaida huhimizwa kujishughulisha mapema, ilhali kwa mwenye aina fulani za hitilafu za kurithi, hata kuogelea kwaweza kuwa kichocheo cha hatari. Ndiyo maana ratiba ya mgonjwa mwenzako, hata kama imemfaa sana, haikuhusu.

Wiki za mwanzo zina vitisho vyake, na vingine havitoki moyoni kabisa. Ukandamizaji wa kifua huweza kuvunja mbavu au mfupa wa kidari, na maumivu yanayochoma unapokohoa au kujigeuza kitandani yaweza kudumu kwa wiki kadhaa. Uchovu mzito na usahaulifu navyo ni vya kawaida, kwa kuwa ubongo ulikosa oksijeni kwa muda. Aliyepandikizwa kifuani kifaa kidogo cha kuushtua moyo mapigo yakivurugika, kwa kawaida huambiwa asiinue mkono wa upande kilipo kifaa juu ya bega kwa takriban wiki 4 hadi 6, ili nyaya zishike mahali pake. Baada ya hapo bega linahitaji kuchezeshwa, maana lisipotumika hukakamaa.

Hatua inayofuata ni kipimo cha mazoezi, yaani kutembea kwenye mashine au kuendesha baiskeli isiyosogea huku umeme wa moyo ukisomwa. Wengi hukiogopa, nami huwaeleza kwamba hapo ndipo mahali salama zaidi pa kuuharakisha moyo, kwa sababu wataalamu na mashine ya kushtua moyo vipo chumbani. Kipimo hicho hutoa mipaka. Iwapo kifaa chako kimepangwa kuingilia kati mapigo yakifika 190 kwa dakika, kwa kawaida utatakiwa ubaki angalau mapigo 10 chini ya hapo. Anayetumia dawa za kundi la beta-bloka asitegemee mapigo pekee, kwani dawa hizo huyapunguza. Ni bora apime jinsi anavyojisikia. Kipimo cha Borg, ambapo mtu hujipa alama kuanzia 6 (hakuna jitihada yoyote) hadi 20 (jitihada ya mwisho kabisa), hutumika kwa kazi hiyo, na wengi huelekezwa kubaki kati ya 11 na 14. Kwa lugha nyepesi: uweze kuongea sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Kupasha mwili joto kwa takriban dakika 15, na kuupoza taratibu mwishoni, si mapambo ya ratiba, kwani kuanza au kuacha kwa ghafla huongeza uwezekano wa mapigo kuvurugika.

Hata mipaka ikiwekwa, woga hubaki, na ni wa ujanja. Kuhema, jasho na moyo kudunda ni matokeo ya kawaida ya mazoezi, lakini hizo hizo ni dalili za hofu. Mgonjwa huzihisi, akasimama, akatulia, na akili yake ikahitimisha kwamba kusimama ndiko kulikomwokoa. Kesho yake hutembea hatua pungufu kuliko za jana. Mduara huo huvunjwa kwa kurudia: dakika 5 leo, mbele ya mtaalamu wa utengamao ikiwezekana, kisha 7, kisha 10, hadi mwili uzoee kwamba moyo unaweza kwenda mbio na kurudi. Kujiamini huja baada ya mazoezi, si kabla yake. Usingizi ukipotea, au tukio likijirudia akilini, ushauri wa mwanasaikolojia ni sehemu ya tiba ya moyo. Mwenzi aliyeshuhudia tukio naye mara nyingi huogopa kuliko mgonjwa, akamnyang'anya hata ndoo ya maji. Aalikwe aone kipindi kimoja cha mazoezi.

Mwanasoka Christian Eriksen, aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, alirudi kucheza mwaka 2022 akiwa na kifaa kifuani. Fabrice Muamba, aliyeanguka Machi 2012, aliokolewa lakini akastaafu soka mwaka huo huo. Mmoja hakuwa jasiri kuliko mwingine.

Acha zoezi mara moja ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yasiyo na mpangilio. Kifaa kikikushtua mara moja na ukajisikia vizuri, wasiliana na kliniki yako siku hiyo hiyo. Kikishtua mara mbili au zaidi, au ukijisikia vibaya, hiyo ni dharura, uitiwe gari la wagonjwa.