Kuuza vitenge kwa simu ukiwa nyumbani: mahali faida inapovujia

Wengi wanaotaka kuuza vitenge mtandaoni wakiwa nyumbani huuliza kwanza namna ya kupata wafuasi. Mimi nashauri uanze na daftari. Wanunuzi wa vitenge hawakosekani, kwa sababu kila wiki kuna send-off, kitchen party au kikoba kinachotafuta sare. Biashara nyingi zinafia kwenye hesabu ya oda moja moja, ambayo mwenyewe hakuwahi kuipiga.

Chukua mfano wa kipande cha yadi 6 ulichonunua soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kwa bei ya jumla ya shilingi 18,000, ukakiuza 25,000. Machoni umepata 7,000. Sasa toa: karatasi na mfuko 400, nauli ya kufuata mzigo, tuseme 10,000 kwa vipande 20, ni 500 kwa kipande, bando la 10,000 kwa mwezi ukigawa kwa oda 25 ni 400, makato ya kutoa na kuhamisha pesa, weka 600. Umebaki na 5,100. Bado kuna mteja anayeagiza, bodaboda akifika hapokei simu. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa 8,000, na jambo hilo likitokea mara moja katika oda kumi, kila oda inabeba 800. Faida yako halisi ni 4,300.

Bei za kwenu zitatofautiana na hizi, lakini piga hesabu hiyo kabla ya kuandika neno “punguzo” popote. Ukimpunguzia mtu 2,000, umempa karibu nusu ya faida. Ukitangaza “usafiri bure” wakati boda ni 4,000, unabaki na 300. Usafiri ulipwe na mteja, na kiasi chake kitajwe mapema kwa kila eneo: Sinza bei yake, Mbagala bei yake, Kigamboni bei yake.

Kwa mtaji wa kwanza wa kama shilingi 270,000, usinunue michoro 15 tofauti, kipande kimoja kimoja. Nunua michoro mitano, kila mmoja vipande vitatu. Kazi ya kupiga picha, kupima na kuandika maelezo unaifanya mara tano tu, na picha moja inakuuzia mara tatu. Tena mteja wa sare hataki kimoja. Akikuomba vipande vinane vya mchoro uleule, mpigie muuzaji wako wa jumla kwanza, uhakikishe anavyo vyote, na vimetoka mzigo mmoja. Mchoro unaweza kuwa uleule huku rangi ikipishana kati ya mzigo na mzigo. Ukiwa na kipande kimoja mkononi hutauona utofauti huo. Utaonekana ukumbini, akina mama wanane wakisimama pamoja chini ya taa.

Kila kipande kipime mwenyewe kabla hakijaingia kabatini. Yadi 6 ni takriban mita 5 na sentimita 49. Mteja anayedhani ananunua mita 6 atakuja kukuta amepungukiwa na nusu mita nzima, na hapo fundi ndiye atakayemwambia kwamba umemwibia. Kwa hiyo andika zote mbili, yadi na mita, pamoja na upana. Kisha jaribu rangi: lowesha kitambaa cheupe, sugua kona ya kitenge kwa nguvu. Rangi ikihamia kwenye cheupe, mweleze mteja wazi kwamba kinachuja na akifue kando na nguo nyingine, au kirudishe kwa muuzaji kabla siku hazijapita.

Picha ndiyo duka lako. Piga karibu na dirisha au mlangoni, saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, na uzime taa za ndani. Taa ikichanganyika na mwanga wa nje, simu inachanganyikiwa rangi: nyekundu inaelekea machungwa, bluu inakuwa zambarau, na mteja anarudisha mzigo akisema siyo alichokiona. Kila mchoro upate picha tatu: kitambaa kimetandazwa, kimekunjwa, na karibu kabisa kikiwa na mkono wako juu yake. Hiyo ya mkono usiiruke. Kwenye kioo cha simu, ua la ukubwa wa sahani na ua la ukubwa wa kifungo hufanana. Picha za kuokota mtandaoni achana nazo kabisa.

Fungua WhatsApp Business kwenye laini isiyo ya familia. Katalogi yake inachukua hadi bidhaa 500, hivyo nafasi haitakusumbua. Weka bei kwenye kila bidhaa. Desturi ya “bei njoo inbox” inakuletea maswali mengi na oda chache, halafu inakula muda ambao ungefungasha mizigo. Tumia majibu ya haraka kwa maswali matatu yanayojirudia kila siku: bei, usafiri na namna ya kulipia. Tumia lebo kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa na aliyetumiwa. Watu wengi hawajui kwamba orodha ya matangazo (broadcast list) huchukua watu 256, na ujumbe wake humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Basi kila anayenunua muombe aihifadhi, la sivyo utakuwa unatangazia ukuta.

Malipo yapitie Lipa Namba, yaani namba ya malipo ya biashara, siyo namba yako binafsi. Mteja anaona jina la biashara kabla ya kuthibitisha, nawe pesa ya duka haichanganyiki na ya mboga. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya muamala, wala kwa ujumbe unaofanana na wa mtandao. Ujumbe wa uongo unatengenezwa kirahisi mno, na mara nyingi unatoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Ingia kwenye menyu mwenyewe, kwa M-Pesa ni *150*00#, utazame salio. Akipiga mtu asiyefahamika akisema amekosea kukutumia na anataka umrudishie, usimtumie chochote. Mwambie apige huduma kwa wateja.

Oda ya mkoani ilipwe yote kabla ya kusafirishwa. Funga kitenge kwenye karatasi ya kaki, kisha mfuko mbadala, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Jina na simu ya mpokeaji viandikwe juu ya mfuko kwa kalamu isiyofutika, na karatasi yenye maelezo hayohayo iwe ndani, kwa sababu mfuko wa nje huchanika kwenye buti la basi. Ukifikisha mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi, dai risiti, andika namba ya basi, piga picha vyote viwili umtumie mteja hapohapo. Mwulize pia atauchukulia kituo gani. Basi la Mwanza linapita miji mingi, na mzigo wa mtu wa Shinyanga usioandikwa “Shinyanga” utafika Mwanza.

Kuhusu usajili, TIN (namba ya mlipakodi) inatolewa bure na TRA, mamlaka ya mapato, jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, na leseni inatoka halmashauri yako. Anza na TIN, maana itaombwa unapotafuta leseni. Usimlipe mtu wa pembeni akujazie fomu unazoweza kuzijaza mwenyewe ukiwa na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa.

Jumapili jioni hesabu vipande vilivyobaki kabatini, ulinganishe na daftari. Mchoro uliokaa miezi miwili bila kuulizwa, uuze kwa bei uliyonunulia, pesa irudi Kariakoo ikalete mwingine.