Si lazima bati liwe jeupe ndipo nyumba ipoe

Mwezi wa 10 hapa Lubumbashi, mvua ikichelewa, utasikia katika mitaa ya Katuba na Kenya ushauri uleule: paka bati rangi nyeupe, rangi nyingine zote ni tanuri. Nyeupe inasaidia kweli. Kosa ni hilo neno "zote".

Karibu nusu ya nishati ya jua hutufikia kama miali ambayo jicho haliioni, inayoitwa infraredi. Rangi tunayoiona ni habari ya ile nusu nyingine tu. Kwa hiyo mabati mawili ya kijani, macho yakiyaona sawa kabisa, yanaweza kutofautiana sana kwa joto: moja linameza infraredi, jingine lina chembe za rangi zinazoirudisha juu. Jani la mwembe linafanya hivyohivyo. Ni la kijani iliyokolea, lakini halimezi sehemu kubwa ya infraredi.

Bado nyeupe safi itaishinda kijani, kwani hurudisha pia mwanga unaoonekana. Ila neno "safi" lina kazi hapo! Vumbi letu jekundu likilala miezi ya kiangazi, weupe unabaki jina. Ndiyo maana baadhi ya rangi bora huongezewa uwezo wa kukataa maji: tone linakuwa duara kama juu ya jani la gimbi, linabingirika na kubeba vumbi. Mvua ndiyo inayofagia, na kiangazi utapanda mwenyewe na ndoo.

Na bati tupu linalong'aa? Linarudisha jua vizuri, lakini joto dogo linaloingia hulitoa kwa shida. Liguse saa saba mchana.