Laptopu kuukuu kuwa seva ya nyumbani: anza na stima

Simu ya khalati yangu ilitumbukia majini akivuka Likoni. Simu nyingine ilipatikana wiki ile ile, lakini picha za harusi ya bintiye zilizama nayo. Kazi yangu ni kutunza seva za watu, yaani kompyuta zinazokaa zimewashwa kuhudumia vifaa vingine, na wakati huo kabatini mwangu mlikuwa na ThinkPad ya zamani, skrini imepasuka, inasubiri sijui nini. Iliniuma. Jumamosi iliyofuata nikaitoa, nikaanza.

Wengi wanaotaka seva ya nyumbani huniuliza kwanza waweke programu gani. Kwa sisi wa Mombasa swali la kwanza ni jingine: mashine itakaa wapi, na stima ikipotea itakuwaje?

Ndiyo maana napendelea laptopu. Betri yake, hata ikiwa imechoka na inashika dakika 15 tu, inavusha zile katizo fupi zinazoharibu faili pale diski inapokuwa katikati ya kuandika. Halafu piga hesabu ya tokeni. Laptopu inayokula wati 15, saa 24 kwa siku 30, ni uniti 10.8. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 itakumalizia uniti 43 kwa kazi ile ile.

Ila betri hiyo itunze. Ikikaa kwenye chaji asilimia 100 usiku na mchana katika joto letu, hufura. Nimewahi kuletewa laptopu ambayo betri imeinua kibodi mpaka kava likaachana. Kwenye ThinkPad nyingi unaweza kuweka kikomo cha chaji, asilimia 80, kwa programu iitwayo TLP. Ikiwa imeshafura, itoe, usiitoboe, wala usijaribu kuirudisha.

Adui wa pili ni chumvi. Kuna mashine niliyoifungua Mji wa Kale, ilikaa miaka dirishani upande wa bahari. Miguu ya chipu ilikuwa imeota kijani, skrubu zimeliwa na kutu hata bisibisi haina pa kushika, na vumbi la kwenye feni limegandamana na unyevu kama pamba mbichi. Weka seva chumba cha ndani, juu ya meza au rafu, pande zote zipate hewa. Na tafadhali, kile kitambaa cha kufuma kinachotandikwa juu ya kila chombo sebuleni, hiki kisiguse.

Mfumo ninaoweka ni Debian, aina ya Linux ya bure, ambayo ipo tangu 1993 na haina haraka ya kubadilikabadilika. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, linataka prosesa ya biti 64, kwa hiyo hakikisha kwanza. RAM ya GB 4 inatosha kwa kazi hii. Iandike hiyo Debian kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo, ufuate maswali. Mawili tu ya kuangalia: nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu, liache tupu, ili mtumiaji wako wa kwanza apewe sudo (ruhusa ya kuamuru kama msimamizi), na ukifika pa kuchagua programu, ondoa alama kwenye mazingira ya dirisha (desktop environment), uweke kwenye seva ya SSH, njia ya kuiamuru mashine kutoka kompyuta nyingine. Mashine haitahitaji skrini tena, kwa hiyo ile iliyopasuka haina neno.

Kisha fungua /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore, uiwashe mashine upya. Bila hivyo ukifunga kifuniko, seva inalala. Iunganishe na ruta kwa kebo, na ndani ya ruta uitengee anwani moja isiyobadilika, mfano 192.168.1.50.

Sasa ipe kazi moja. Moja tu. Anayeanza na kazi sita huziacha zote wiki ya pili. Kwa khalati kazi ilikuwa picha, nami nikatumia Syncthing, programu inayolandanisha folda kati ya vifaa:

sudo apt install syncthing
sudo systemctl enable --now syncthing@nyumbani

Hapo nyumbani ni jina la mtumiaji. Ukurasa wake wa mipangilio haufunguki kutoka kompyuta nyingine, na ni vizuri hivyo. Pitia SSH:

ssh -L 8384:localhost:8384 nyumbani@192.168.1.50

kisha fungua localhost:8384 kwenye kivinjari chako. Kwenye simu ya Android weka Syncthing-Fork, uiunganishe na seva.

Hapa ndipo nataka utulie unisikilize. Kulandanisha si kuweka akiba. Khalati akifuta picha kwenye simu ili apate nafasi, Syncthing itaifuta na kwenye seva, kwa utiifu kabisa. Kwa hiyo upande wa simu folda iwe ya kutuma tu, na upande wa seva washa uhifadhi wa matoleo, aina ya pipa la taka, siku za kusafisha ziwe 0. Kinachofutwa kitahamia folda ya .stversions na kubaki humo.

Nyaya za SEACOM na TEAMS zimetua pwani yetu tangu 2009, lakini bandali ikiisha hazikufai kitu. Picha zilizo nyumbani zinafunguka bila bandali. Ukitaka kuzifikia ukiwa safarini, usifungue milango ya ruta kwa dunia nzima. Na mara nyingi hata ukifungua haitafaa, maana nyumba nyingi zinachangia anwani moja ya nje. Tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha.

Mwisho ni diski ya nje. Kila mwezi naichomeka, nanakili:

rsync -a /srv/picha/ /mnt/akiba/picha/

(/srv/picha ni folda ya picha kwenye seva, /mnt/akiba ni hiyo diski) bila --delete, inayofuta kwenye nakala kilichofutwa kwenye seva, kisha diski inavuka kwenda kwa ami Likoni, nyumba nyingine kabisa. Kabla haijaondoka namwambia khalati ataje picha yoyote, naitafuta kwenye diski ile, naifungua mbele yake. Mwezi huu alitaja ya mjukuu amekaa barazani na kikombe cha uji. Ilifunguka.