Hakuna kupe mmoja wa ng'ombe

Chupa nyingi zinazofika mezani kwangu kutoka kwa maafisa mifugo zina kibandiko chenye maneno mawili: "kupe, ng'ombe". Ndani mna kupe waliobanduliwa masikioni, kiweleni, kwapani na chini ya mkia, wote wamechanganyika. Majina yao nitayapata kwa hadubini. Kitakachokuwa kimepotea ni mahali kila mmoja alipokuwa amejishika, na kwangu mahali hapo ni sehemu ya maelezo ya kupe sawa na umbo lake.

Kazi huanza mgongoni. Kupe wagumu wana ngao. Kwa dume ngao hufunika mgongo wote, ndiyo maana havimbi. Kwa jike hufunika sehemu ya mbele tu, na nyuma yake ngozi hutanuka kadiri anavyoshiba damu. Papasi, yaani kupe laini, hawana ngao kabisa, na ukiwatazama kwa juu huoni mdomo, kwa sababu uko chini ya mwili. Ornithodoros moubata, papasi wa nyufa za nyumba za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi kisha hurudi mafichoni, kwa hiyo kumtafuta mwilini ni kazi bure. Jamaa zake wa mashimo ya ngiri ndio wanaohifadhi virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, na ngiri wenyewe hawaugui.

Kwa kupe wagumu nautazama mdomo. Kupe wa jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) za Amblyomma na Hyalomma wana mdomo mrefu, tena wote wanaweza kuwa na pete nyeupe miguuni, basi anayetazama miguu peke yake huwachanganya. Geuka mgongoni: dume wa Amblyomma variegatum anang'aa rangi ya chungwa, Hyalomma ni mweusi au kahawia iliyoiva, bila nakshi. Wa jenasi ya Rhipicephalus wana mdomo mfupi. Kati yao R. evertsi hujitambulisha mapema kwa miguu yake myekundu, na kupe mpevu wa aina hii hupenda kujishika kuzunguka mkundu.

Ugumu hasa uko kwa kupe bluu. Hadi mwaka 2003 walikuwa na jenasi yao, Boophilus. Sasa wamo ndani ya Rhipicephalus. R. decoloratus ni mwenyeji wa Afrika, R. microplus aliingia kutoka Asia, na kwa macho matupu huwezi kuwatofautisha. Nahesabu safu za meno ya mdomo: tatu kila upande kwa decoloratus, nne kwa microplus. Hesabu hiyo ndogo ina uzito mkubwa kwa mfugaji. Wote wawili hueneza Babesia bigemina, kimelea cha damu ya ng'ombe, lakini microplus huongeza Babesia bovis, ambayo ni kali zaidi, na anapoingia mahali humsukuma nje mwenzake.

Sasa wanyama. Kupe bluu hukaa juu ya ng'ombe mmoja tangu akiwa lava, mtoto mwenye miguu sita, hadi anaposhiba na kuanguka kutaga, takriban wiki tatu. Angewezaje basi kuambukiza ng'ombe mwingine? Kupitia mayai: jike huwarithisha watoto wake Babesia. Kupe wa masikio, R. appendiculatus, aliyeelezwa na mwanasayansi Neumann mwaka 1901, ni kinyume chake. Lava hunyonya, huanguka, hugeuka tunutu, hatua ya kati kabla ya upevu, ardhini. Tunutu hupanda mnyama wa pili. Kupe mpevu hupanda wa tatu. Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, haipiti kwenye yai. Lava huzaliwa safi, huipata kwa ng'ombe au nyati, kisha tunutu ndiye anayeambukiza. Nyati huibeba bila kuugua, ndiyo sababu ng'ombe wanaochunga kando ya hifadhi wako hatarini hata kama boma lao halijawahi kupata mgonjwa.

Wengine hubadili aina ya mnyama kabisa. Hyalomma truncatum unayemkuta kwenye ng'ombe alinyonya utoto wake kwa sungura wa porini na panya. Kumwita kupe wa ng'ombe ni kusimulia nusu ya maisha yake, na josho halifiki kwa sungura.

Kwa hiyo nawaomba wanaokusanya: chupa moja kwa kila sehemu ya mwili, ethanoli ya asilimia 70, na kibandiko cha penseli kitakachotaja mnyama, sehemu ya mwili, kijiji na tarehe. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute polepole, mdomo usikatike, maana meno ndiyo ninayoyahesabu. Msivutiwe na majike walioshiba peke yao. Wakishavimba alama zao hutanuka na kufifia. Tafuteni dume mdogo aliyejificha kando au chini ya jike. Na mkimkuta kupe kwa kobe au kenge, leteni pia, hao wana kupe wao.