Skrubu Nene Haiponyi Tundu la Chipibodi

Kishikio cha kabati la chipibodi kinapong'oka, wengi huamini kwamba dawa yake ni skrubu nene zaidi. Sivyo. Chipibodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, haina nyuzi ndefu za kuishika skrubu. Tundu likishaanza kumwaga unga, skrubu nene huzidi kulisaga. Lipanue kwa keekee ya milimita 8 bila kupenya upande wa pili, ondoa unga wote, pigilia kijiti cha mbao ngumu cha unene huohuo kilichopakwa gundi ya mbao, kisha, kikishakauka usiku kucha (nasisitiza, usiku kucha), toboa tundu jembamba la skrubu katikati yake. Na kama ukingo wa chipibodi umevimba kwa maji, ukaushwe kabisa na kupigwa msasa kabla ya kubandikwa utepe mpya wa kuufunika.