PSA, AFP na wenzake: majibu ya damu yanasema nini kuhusu saratani

Malalamiko yanayofika kwenye dirisha la majibu la maabara yetu siku hizi ni ya aina mbili. Mmoja anakuja na karatasi ambayo namba yake imezidi kiwango, anauliza kwa nini tumemficha kwamba ana saratani. Mwingine majibu yake yalikuwa ya kawaida, kisha hospitalini akakutwa na uvimbe, na anaamini tulikosea. Wote wana haki ya kuelezwa. Lakini wote wametokea kwenye dhana ileile, kwamba kuna damu unayotoa asubuhi, kisha jioni yake ukaambiwa unayo saratani au huna. Kwa protini tunazopima kwenye damu, kama PSA ya tezi dume na AFP ya ini, kipimo cha namna hiyo hakipo.

Tunachopima ni protini ambazo seli huzimwaga nje. Nyingine hubaki ndani ya seli, nyingine hukaa kwenye utando wake, lakini hizi huingia kwenye damu na kutufikia ndani ya chupa bila mgonjwa kukatwa kipande cha nyama. Faida yake ni hiyo, na udhaifu wake unatokea hapohapo: ikishafika kwenye damu, protini haisemi imetoka kwa nani.

Chukua AFP. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, na baada ya kuzaliwa hushuka sana. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake, huko Muungano wa Kisovyeti, waliikuta kwa panya wenye uvimbe wa ini. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa binadamu mwenye saratani ya ini. Tangu hapo imetusaidia sana. Hata hivyo hupanda kwa mjamzito, kwa mwenye homa ya ini na kwa ambaye ini lake limesinyaa, na zipo saratani za ini ambazo haziitoi kabisa.

PSA ndiyo inayoleta hofu kubwa zaidi, na bila sababu ya msingi. Si protini ya saratani. Tezi dume yenye afya huitoa kila siku ili shahawa ziwe nyepesi. Tezi ikitanuka kwa umri, PSA hupanda. Maambukizi ya njia ya mkojo, mpira wa mkojo, hata kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla ya kipimo, vyote vinaweza kuipandisha. Kiwango kilichozoeleka ni nanogramu 4 kwa mililita, lakini wapo wengi walio juu ya 4 wasio na saratani, na wapo wenye saratani walio chini yake. Anayetumia finasteride, dawa ya tezi dume iliyotanuka, kwa miezi sita hivi, PSA yake hushuka kwa takriban nusu. 3 yake si sawa na 3 ya jirani yake. Naulizwa mara kwa mara dawa ya kushusha PSA. Tafadhali, kushusha namba si kutibu tezi.

Sasa fomu ya kuombea kipimo. Protini hizi tunazikamata kwa kingamwili mbili, yaani protini za kinga zinazoshika kitu kimoja maalumu: ya kwanza inaishika protini upande mmoja, ya pili, yenye alama inayoonwa na mashine, inaishika upande mwingine. Protini ikizidi mno, kila kingamwili hushika ya kwake, mbili hazikutani juu ya protini moja, na mashine husoma namba ndogo wakati ukweli ni namba kubwa mno. Dawa yake ni kuzimua sampuli na kupima upya, ila hatuwezi kushuku hilo kama fomu haisemi kwamba mgonjwa ana uvimbe unaojulikana. Kwa hiyo daktari ajaze sehemu ya maelezo ya ugonjwa, na mgonjwa ataje dawa zote anazotumia, vikiwemo vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini, aina ya vitamini, ambayo kwa baadhi ya mashine huvuruga majibu. Jina la kwenye chupa lisipolingana na la kwenye fomu, sampuli inakataliwa na damu inatolewa upya. Hatusahihishi majina kwa simu, hata tukiombwa vipi.

Kingamwili zimekuwa dawa pia. VEGF ni protini ambayo uvimbe huimwaga ili mishipa ya damu iuotee. Bevacizumab, dawa ya kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, huidaka VEGF ikiwa njiani, kabla haijaifikia mishipa. Haiendi kuishika seli ya saratani na kuiua, ndiyo maana mara nyingi hutolewa pamoja na dawa nyingine. Madhara yake nayo yanafuata mishipa: presha kupanda, kutokwa damu, kidonda kuchelewa kupona, na kwa wachache utumbo kutoboka. Baada ya upasuaji mkubwa husubiriwa angalau siku 28, na kidonda kiwe kimefunga. Ukifanyiwa upasuaji kwingine, mwambie daktari wako wa saratani; kunyamaza hapo kunaweza kugharimu maisha.

Kwa aliyekwisha kutibiwa, namba hizi ndipo zinapokuwa na thamani kubwa kuliko popote, kwa sababu tunamlinganisha na yeye mwenyewe. AFP hupungua kwa nusu kila siku tano hadi saba, PSA kila siku mbili hadi tatu. Kupima siku ya tatu baada ya upasuaji ni kumtisha mgonjwa bure, kwa kuwa mabaki yangali yanazunguka. Pima kwa tarehe aliyokupangia daktari, katika maabara ileile, maana mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu moja. Ukilazimika kuhama, njoo na karatasi zako zote za zamani. Tutahitaji kuanza na kipimo kipya cha kulinganishia kabla hujaambiwa kwamba namba imepanda.