Programu za Kuwakinga Vijana: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kukubali

Programu iliyothibitishwa ya kuwakinga vijana na uvutaji, ulevi na vurugu ni ipi?

Ni ile iliyojaribiwa kwa kulinganisha. Kundi moja la vijana hupewa mafunzo, jingine linalofanana nalo halipewi, kisha yote mawili hufuatiliwa kwa miezi au miaka. Kinachotazamwa ni nani wameanza kuvuta, kulewa au kupigana. Makofi ya siku ya kufunga semina si ushahidi.

Kwani kuwatisha hakusaidii?

Wazazi wengi huamini husaidia, na hofu yao naielewa. Lakini huko Marekani vijana watukutu walipelekwa magerezani ili wafungwa wawakaripie na kuwaonyesha mwisho wa uhalifu. Majaribio 9 ya mpango wa aina hiyo yalipochambuliwa pamoja, ilibainika kwamba waliopelekwa walivunja sheria zaidi kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Nia ilikuwa njema, watoto wakaumia. Ndiyo maana nasisitiza kupima.

Kipi basi kimefaa?

Mfano ninaoupenda ni Mchezo wa Tabia Njema. Mwalimu huligawa darasa katika timu zenye watoto watulivu na wasumbufu pamoja. Mtoto akivunja kanuni, timu yake huwekewa alama ubaoni. Timu zenye alama chache hushinda. Mwanzoni mchezo huchukua dakika chache tu, baadaye muda huongezwa. Dawa za kulevya hazitajwi kabisa! Ulijaribiwa katika jiji la Baltimore, Marekani, kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka wa masomo 1985–86. Walipofikisha miaka 19 hadi 21, wavulana waliokuwa wakorofi zaidi utotoni walikuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wakorofi wenzao ambao hawakuucheza.

Mafunzo ya malezi kwa wazazi nayo yana ushahidi mzuri.

Sisi tusio wataalamu tutajuaje?

Anayeleta programu mwulizeni: imejaribiwa wapi, kwa vijana wa umri gani, wakilinganishwa na nani, na matokeo yalidumu muda gani? Akijibu kwa kutaja idadi ya waliohudhuria tu, bado hajajibu.

Tukishachagua, tunaweza kupunguza vipindi?

Jihadharini hapo. Mifano na lugha vinaweza kubadilishwa vijana waelewe. Ila mazoezi, kama kijana kusimama mbele ya wenzake na kujaribu kukataa sigara anayopewa na rafiki, ndiyo huwa ya kwanza kukatwa muda ukibana. Bora kukata hotuba ya mgeni rasmi.